Mtihani wa Kinanda na Furaha ya Kupiga: Swali Kutoka Gungu

Katika semina ya walimu wa kwaya iliyofanyika Gungu, Manispaa ya Kigoma Ujiji, tuliulizwa swali ambalo hatukuwa tumejiandaa kulijibu. Aliyeuliza ni kijana mpiga kinanda. Hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote kwa utaratibu; alijifunza kwa kusimama nyuma ya kaka yake wakati wa mazoezi ya kwaya, akitazama vidole. Alikuwa amesikia kutoka kwa ndugu zake walioko Dar es Salaam kwamba watoto wa huko hufanya mtihani wa kinanda unaotungwa Uingereza, wenye madaraja, na kwamba anayefaulu hupewa cheti. Akasema: “Mchungaji, mimi sina daraja hata moja. Je, mimi ni mpiga kinanda, au nakichezea tu?”

Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja wa kanisa alidakia: “Baba Mchungaji, huyu tukimpeleka kwenye mtihani, atarudi?” Watu walicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Yule kaka alikuwa ameondoka kwa treni kwenda kutafuta maisha, na kwa zaidi ya mwaka mmoja kinanda cha kanisa kilikaa kimefunikwa kitambaa, hata mdogo wake alipothubutu kukigusa.

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo mawili kwa pamoja, maana kwa kanisa hayatengani. Wengi wa wanafunzi wanaosoma kurasa hizi watapangiwa sharika ambako watakuta kinanda kimoja, kijana mmoja anayekipiga, na hakuna mtu wa kuwashauri.

Mtihani wa madaraja

Mitihani ya muziki inayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki ni ile ya Associated Board of the Royal Schools of Music ya London. Chombo hicho kiliundwa mwaka 1889 kwa mapatano ya vyuo viwili, Royal Academy of Music na Royal College of Music, ili pawe na kipimo kimoja cha kuaminika kwa wanafunzi walio nje ya vyuo hivyo. Madaraja yake ni 8. Katika mtihani wa kawaida mtahiniwa huingia chumbani peke yake mbele ya mtahini asiyemjua. Kwa upande wa piano, daraja la kwanza huchukua dakika 12 hivi, na la nane dakika 30. Hupiga vipande vitatu alivyoviandaa, hupiga skeli, husoma papo hapo nota ambazo hajapata kuziona, na mwishoni hupimwa sikio lake kwa kuitikia na kueleza anayoyasikia. Alama zote ni 150: vipande vitatu vina alama 90, skeli 21, kusoma papo hapo 21, na sikio 18. Apataye 100 amefaulu, 120 amefaulu vizuri, na 130 amefaulu kwa sifa ya juu kabisa. Hakuna aingiaye daraja la sita pasipo kufaulu kwanza nadharia ya daraja la tano, au kipimo kingine kinachokubaliwa badala yake.

Tumezitaja alama hizo kwa makusudi. Msomaji azitazame tena: sikio ni 18 katika 150. Katika ibada ya Gungu sikio ni karibu kila kitu. Msibani, mama mmoja huanzisha wimbo kutoka pembe ya ua kwa sauti iliyomjia wakati ule, sauti ambayo pengine haikai sawasawa kwenye ufunguo wowote. Waombolezaji huudaka. Mpigaji, kinanda chake kikiwa kimewekwa juu ya meza ya kuazima, hana budi kumtafuta mama yule alipo, kumfikia kabla ubeti wa kwanza haujaisha, na kumwunga mkono bila kumvuta. Akikosea ufunguo, msiba mzima husikia. Kazi hiyo haimo katika daraja lolote kati ya yale 8.

Mwaka 2020 Associated Board iliongeza aina nyingine ya mtihani, ambao mtahiniwa hupiga vipande vinne mfululizo akirekodiwa kwa video na kuituma. Kwa mtu wa Kigoma, ambaye kwa reli yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, hilo si jambo dogo. Safari na malazi vilikuwa vikizidi ada yenyewe. Lakini katika mtihani huo skeli, kusoma papo hapo na sikio havimo. Hata zile alama 18 zimeondoka.

Hata hivyo tusiuonee mtihani huu. Humpa mwanafunzi njia yenye hatua, na tarehe ambayo haisogezwi kwa udhuru. Zaidi ya hayo, humpa sikio la mgeni. Katika usharika kila mtu humwambia mpigaji kwamba amepiga vizuri, kwa kuwa wanampenda, na kwa kuwa hakuna mwingine. Mtahini hana sababu ya kumpendelea wala kumwogopa. Tumewahi kuwafahamu wapigaji ambao kwa miaka kumi waliharakisha kila ubeti wa mwisho, na hakuna mtu aliyewaambia.

Tatizo tuliloliona Gungu ni la namna nyingine. Neno lenyewe mtihani, kwa Kiswahili, lina maana mbili: ni kipimo cha shuleni, na ni jaribu linalompata mtu. Kijana aliyekulia katika nchi ambamo mtihani wa darasa la saba na ule wa kidato cha nne humtenga anayeendelea na anayerudi nyumbani, hulisikia neno hilo kama chekecheke. Ndiyo maana kijana wetu hakuuliza amefika wapi katika kujifunza. Aliuliza kama yeye ni mpigaji au siye. Swali hilo lilitusikitisha, kwa sababu Jumapili ile ile watu wapatao mia mbili walikuwa wameimba juu ya vidole vyake.

Furaha na mipaka yake

Kiswahili husema kupiga kinanda, kupiga ngoma, kupiga gitaa. Neno kucheza tumewaachia wale wanaoitikia kwa miguu na mabega. Hivyo furaha ya muziki, kama lugha yetu inavyoipanga, haikai kwa mpigaji peke yake. Yeye hupiga ili wengine wacheze. Na methali husema mcheza kwao hutunzwa. Tunapozungumza juu ya kujifunza ala kwa kujifurahisha, tusiwaze mtu aliyejifungia chumbani akijiburudisha. Kijana wa Gungu hujifurahisha mbele ya umati, na furaha yake hupimwa kila wiki kwa kuitikiwa au kutoitikiwa.

Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika umejaa mifano ya watu waliojifunza hivyo. Gitaa la rumba limevuka ziwa kutoka Kongo kwa kusikiwa, na kijana akikaa kando ya mkubwa wake mpaka mkono uzoee. Wapigaji wa kwaya zetu leo, wa gitaa la solo na la besi, ni wajukuu wa ufundi huo, wapende wasipende. Kabla ya gitaa palikuwapo inanga, ule ubao uliochongwa kama hori, wenye uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku mpaka ukawa nyuzi kadhaa, unaojulikana katika nchi hizi za maziwa makuu tangu Buha na Burundi hata kwa Wahaya. Huko Burundi iko namna ya kuipiga ambayo mwimbaji haimbi kwa sauti bali hunong’ona, na uzi ndio unaoubeba mwendo wa wimbo. Tungependa kumwona mtahini akijaribu kuitolea alama.

Lakini wapenda furaha nao tuwaambie ukweli. Wengi wa vijana wetu hupiga katika ufunguo mmoja tu, ule wa C, na wimbo unapotaka kupanda au kushuka hubonyeza kitufe kinachoihamisha sauti. Tulimwona mmoja, hodari kweli, akialikwa kupiga kinanda cha kukanyaga katika kanisa la zamani. Alikaa, akapapasa ubavuni, akapapasa juu, akitafuta kitufe. Wimbo ulianza bila yeye. Pia anayepiga kwa sikio hukwama mahali anapoujua wimbo nusu. Tenzi zenye sauti nne zilizopishana huzipiga zote kwa kodi tatu, na kwaya iliyojifunza sauti ya pili na ya tatu kwa jasho husikia kinanda kikiipinga.

Ubaya mkubwa zaidi ni ule aliougusa mzee wa kanisa. Anayejua kwa vidole tu huondoka na vidole vyake. Kaka yule hakuwa mchoyo. Hakuwa na kitu cha kuacha. Hakuwa ameandika hata wimbo mmoja. Hivyo, tofauti na wengi wanavyodhani, hatari ya kanisa kubaki kimya hailetwi na cheti peke yake. Mwenye cheti huweza kuitwa na hoteli ya mjini au na shule ya kulipa ada, lakini aliye bila cheti naye huondoka, na huacha kitambaa juu ya kinanda.

Vyeti ambavyo havikutufuata

Wachache wanajua kwamba nota tunazoziandika ubaoni kila Jumamosi, d r m f s l t, zilikuwa nazo na madaraja yake. Mfumo huo wa tonik sol-fa uliasisiwa na mwalimu wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, na kuenezwa na John Curwen (1816–1880), aliyekuwa mchungaji wa Kikongregesheni. Mwaka 1841 kongamano la walimu wa shule za Jumapili lililokutana Hull lilimwomba Curwen atafute njia rahisi ya kuwafundisha watu kuimba ibadani. Yeye mwenyewe hakuwa mwanamuziki wa kusomea. Aliuchukua mfumo wa Bi Glover, akaurekebisha, akautoa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliimudu. Kisha akaweka vyeti, kuanzia cha watoto na cha mwanzo hadi vya juu, na kila kimoja kilimtaka mwanafunzi aimbe peke yake nota ambazo hajapata kuziona.

Wamisionari waliuleta mfumo huo Afrika, nao ukakaa. Vyeti, kwa upande wetu, havikukaa. Sisi hatujapata kukiona ukutani kwa mwalimu yeyote wa kwaya. Tunalitaja hili kwa sababu Curwen hakuona ugomvi kati ya cheti na furaha. Kwake cheti kilijibu swali moja dogo: je, mtu huyu, akipewa wimbo mpya na hakuna wa kumwimbia kwanza, aweza kuuanza? Hilo ndilo swali ambalo kaka yule asingaliweza kulijibu, na ndilo lingaliliokoa kanisa na ule mwaka wa kimya.

Kilutheri

Sisi Walutheri tuna desturi yetu katika jambo hili, nayo haifahamiki sana kwa wanafunzi. Luther mwenyewe alipiga kinubi cha shingo kiitwacho luti, na katika waraka wake wa 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani kuhusu shule aliuweka muziki miongoni mwa mambo ambayo angetaka watoto wake wajifunze. Johann Sebastian Bach alipoomba kazi ya Leipzig mwaka 1723, alipimwa kwa kuongoza kazi zake mwenyewe ndani ya ibada, mwezi Februari. Na Mei, kabla ya kuanza kazi, akahojiwa juu ya imani na wanatheolojia. Hakuna aliyempa kipande cha kukariri. Alipimwa kwa kazi aliyokuwa anaombewa.

Desturi hiyo bado iko katika makanisa ya Ujerumani. Wanamuziki wa kanisa hupimwa kwa ngazi zinazoitwa kwa herufi: D na C kwa wale wanaohudumu kwa muda huku wana kazi nyingine, B na A kwa wale waliosomea chuoni na kuajiriwa. Katika mtihani wa C mtahiniwa huandamana na nyimbo za kusanyiko, hubuni utangulizi wa wimbo kwa kichwa chake, huongoza kwaya, na huulizwa juu ya liturujia na historia ya nyimbo. Mwalimu wa shule au mkulima aweza kuwa nacho. Kwa hiyo anayeuliza kama mtihani unafaa au haufai kwa kanisa ameuliza swali pungufu; aulize kwanza mtihani huo unapima kazi ya nani.

Tena liko jambo la kufurahisha hapa. Mwaka 1966 mwanafunzi wa Makumira, Bernard Kyamanywa, alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka “Mfurahini, Haleluya” juu ya sauti ya Kihaya. Wimbo huo sasa umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, Evangelisches Gesangbuch, namba 116. Mtahiniwa wa C huko Hamburg aweza kuketi leo mbele ya watahini wake na kuambiwa auandalie utangulizi wimbo kutoka Bukoba. Sauti yenyewe ilitoka kwa watu ambao hawakupata kuulizwa daraja lao.

Katika nchi yetu desturi hiyo ilitufikia zaidi kwa njia ya tarumbeta kuliko ya vinanda. Bendi za tarumbeta za sharika za Kilimanjaro na kwingineko ni ndugu za zile zilizolelewa Ujerumani na mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, aliyefariki 1941. Kuhlo alifanya jambo moja la busara: aliwazoeza wapiga tarumbeta kusoma nota zile zile za waimbaji, ili wote watumie kitabu kimoja. Mpiga tarumbeta mchanga hukaa kando ya mzee, hupewa sauti ya chini, na hupanda anapoweza. Hana cheti; lakini anasoma, na akiondoka mzee bendi haifi. Kinanda hakikupata bahati hiyo, kwa kuwa ni cha mtu mmoja.

Mia mbili themanini na nane

Mwandishi wa Mambo ya Nyakati (1 Nya. 25:7–8) asema waimbaji wa hekalu walikuwa 288, wote wamefundishwa na wote ni mastadi, kisha asema zamu zao zilipangwa kwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Wafafanuzi wengi huipita aya hii haraka kwa sababu ni orodha. Sisi tunaiona kuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Ustadi ulidaiwa kwa wote bila udhuru, lakini haukufanywa kuwa ngazi ya kupandia juu ya wenzako. Zaburi ya 33, aya ya 3, nayo huweka ustadi na shangwe katika sentensi moja, wala haisemi kipi kitangulie.

Kwa msingi huo, tulimwambia kijana wa Gungu mambo machache. Kwamba yeye ni mpigaji, na hilo halingoji barua kutoka London. Kwamba hata hivyo ana deni: ajifunze kusoma mistari mitano, walau sauti ya kwanza na besi, na aondoke kwenye ufunguo wa C. Na kwamba kama anataka mtihani kwa sababu angependa siku moja kufundisha shuleni au kuomba nafasi ya shahada ya muziki kama ile ya Makumira, aufanye, na usharika umsaidie. Lakini asiache nyimbo za ibada mwaka mzima kwa ajili ya vipande vitatu. Tumeona wanafunzi wenye daraja la tano ambao wakiombwa wimbo wa kuzaliwa kwa Bwana huuliza kitabu kiko wapi.

Yule mzee hakuridhika. Alisimama tena, akaomba liandikwe katika kumbukumbu za kikao kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayekabidhiwa ufunguo wa kabati la kinanda pasipo kuwa na mwanafunzi wake. Tukiri kwamba katika siku tatu za semina hatukuwa tumewaza jambo la maana kuliko hilo. Likaandikwa.

Tulipopita Gungu mara ya pili, kijana alikuwa hajafanya mtihani wowote. Alikuwa ameulizia habari zake na kukuta kwamba piano ya umeme inayokubaliwa na Associated Board kwa video lazima iwe na vibonye vizito kama vya piano halisi, nacho kinanda cha kanisa kina vibonye 61 vyepesi. Tulimweleza kwamba Trinity College London ina mtihani wake wa kinanda cha umeme. Akaandika jina hilo kiganjani kwa kalamu. Vitabu vya sol-fa vilikuwa juu ya kinanda, na pembeni daftari ambamo alikuwa amenakili tenzi kumi na moja kwa mistari mitano, nyingine zikiwa na makosa.

Wanafunzi wake ni wasichana wawili wa kwaya, mmoja wa darasa la sita. Jumapili hiyo ndiye aliyepiga wimbo wa kutokea. Aliupiga polepole mno, akisimama kidogo kila mwisho wa mstari kutazama daftari, na kusanyiko, wazee mbele, likatoka nje kwa mwendo wake.